Magugu sugu uani Tabora: kipi ununue kwanza, kipi uache dukani

Kabla ya kutoa hela, kagua ua wako ujue una gugu gani. Pesa nyingi hupotea kwa sababu mtu amenunua kifaa cha gugu la jirani. Kwenye viwanja vya Tabora, kuanzia Isevya hadi Ng'ambo, wasumbufu wakubwa ni watatu: ndago, ukoka uliotoroka kwenye bustani, na lantana, ule mmea wa uzio wenye vishada vya maua ya njano na waridi na majani yenye harufu kali. Mbwembwe (kishona nguo) nazo zipo, ila hizo hung'oka kwa mkono.

Tumevipanga vifaa kwa kumfikiria mtu mwenye ua wa kawaida, tuseme mita 100 za mraba, asiyeweza kupalilia kila wiki.

1. Uma wa bustani wa meno manne

Kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua huu. Ndago ina vijiazi vyeusi vilivyoungana chini kwa nyuzi, kimoja baada ya kingine, vingi vikiwa ndani ya sentimita 15 za juu. Jembe likipita linakata ule mnyororo, na kila kijiazi kilichokuwa kimelala kinaamka na kuchipua peke yake. Ndiyo maana ua uliolimwa vizuri Desemba huwa na ndago nyingi zaidi Januari. Uma hauukati, unauinua.

Kazi hii ifanye kiangazi, Agosti au Septemba. Udongo ukiwa umekaza, mwagia maji jioni, chimba asubuhi. Zamisha meno sentimita 20 hadi 25, inua, kung'uta, tandaza vijiazi juani. Usimwagilie tena sehemu hiyo. Baada ya wiki mbili vitakuwa vimekauka na kusinyaa. Kusanya kwa reki, choma. Usivitie kwenye shimo la mboji. Kazi hiyohiyo ukiifanya mvua zikiwa zinanyesha, vijiazi vitashika tena mizizi palepale ulipoviacha.

Dukani, kandamiza jino moja sakafuni kwa mguu. Likipinda na lisirudi, ni bati lililokunjwa tu, liache. Tazama shingo: chuma kinachoshika mpini kiwe kirefu, chenye misumari miwili ya kupita. Mhunzi anayefua springi za gari anaweza kukutengenezea uma utakaodumu kuliko mingi ya dukani. Nondo laini ikataeni, hupinda kwenye mzizi wa kwanza wa mwembe.

2. Matandazo

Haya ndiyo yatakayokupunguzia kazi mwaka mzima, lakini yaje baada ya uma. Ukitandaza juu ya ndago hai, itatoboa na kutokeza.

Chaguo letu la kwanza ni pumba za mpunga kutoka mashineni. Zinaoza taratibu. Gunia la kilo 100 la mahindi likijazwa pumba linafunika karibu mita 2 za mraba kwa unene wa sentimita 7. Kitalu cha mita 20 za mraba kinataka magunia 10. Ni nyepesi, hivyo zimwagie maji mara tu unapozitandaza, la sivyo upepo wa Septemba utazihamishia kwa jirani.

Maranda ya mbao yanafuata. Yakae juu tu. Ukiyachanganya na udongo yanaunyang'anya naitrojeni na mimea inageuka njano. Nyasi kavu ni za tatu, na ziwe zilizokatwa kabla ya kutoa mbegu, maana vinginevyo unalipia magugu mapya. Zote ziache nusu mita kutoka ukutani. Mchwa wa Tabora hawahitaji mwaliko.

3. Sururu na glavu nene

Kwa mwenye lantana, pandisha hii hadi nafasi ya kwanza. Kuikata hakusaidii, kisiki kinachipua, kuichoma vilevile. Kata matawi ukiacha shina la sentimita 30 la kushikia, chimba kuzunguka, kisha tumia upande bapa wa sururu kung'oa shina na mizizi. Matawi usiwape mbuzi wala ng'ombe, ni sumu kwao.

4. Marando ya matembele

Ni bei ndogo kuliko vyote. Ndago na ukoka hupenda jua, kivuli huvidhoofisha. Mvua za Novemba zikishika, panda vipande vya sentimita 30, vifundo vitatu ardhini, nafasi sentimita 30. Palilia mara mbili ya mwanzo tu. Baada ya hapo majani yanafunga ardhi, na mboga unapata. Walioko Kigoma kwenye miteremko waanze na hili badala ya kuchimba eneo zima, kwa sababu udongo ulioachwa wazi hubebwa na mvua kubwa ya kwanza.

5. Dawa ya glaifoseti na bomba

Hii ni dawa ya kuua magugu. Inafaa kwa ukoka ulioshikamana na msingi wa nyumba, au visiki vya lantana vilivyopakwa mara baada ya kukatwa. Ua wa mita 100 unahitaji lita 4 za mchanganyiko, yaani mililita 40 hivi za dawa ya gramu 480 kwa lita. Lebo yake ikisema tofauti, fuata lebo. Kwa hiyo bomba la lita 16 hulihitaji, chukua la mkono la lita 2. Usinunue dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji, wala isiyo na lebo ya Kiswahili na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

Ikishindwa, kawaida ni sababu tatu: maji ya tope, kwani udongo huinasa dawa isifanye kazi, majani yaliyokauka na kujaa vumbi, au mvua iliyonyesha ndani ya saa sita. Parakwati, dawa nyingine ya magugu, usiipeleke nyumbani kabisa. Haina kiuasumu, na mafunda machache yanaua.

6. Nailoni nyeusi na salfeti

Ndago huitoboa nailoni iliyotandazwa ardhini kama sindano. Mifuko ya salfeti hukatika kwa jua na kubaki nyuzi utakazookota miaka. Zote mbili tunashauri uziache.