Faiba ya Nyumbani kwa Kompyuta ya Zamani: Tathmini Yangu Baada ya Miezi Mitatu

Kompyuta tunayoitumia nyumbani ni ya mpakato, ya mwaka 2009, na tundu lake la waya wa mtandao haliwezi kupitisha zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde; kwa hiyo kifurushi cha faiba (intaneti ya waya wa nyuzi) cha megabiti 200, ambacho wakala alikisisitiza sana, isingeweza kukitumia zaidi ya nusu yake. Nilichagua cha megabiti 20, nacho kinatosha kwa barua pepe, masomo ya watoto na video.

Mafundi walifika siku waliyoahidi na wakapitisha waya kwa unadhifu ninaoupongeza kwa dhati. Kasoro ilijitokeza kwenye waifai: ruta, kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, ilikuwa imewekewa ulinzi wa WPA3 pekee, aina mpya ya usalama wa waifai ambayo kompyuta hii haiitambui, na fundi akatushauri tununue kompyuta nyingine. Ushauri huo haukuwa wa haki, kwani niliporuhusu WPA2, ulinzi uliotangulia huo, kwenye mipangilio ya ruta na kuwasha masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo pekee yanayosomwa na kadi nyingi za zamani za waifai, iliunganika mara moja.

Tatizo zito zaidi lilikuwa mfumo endeshi wa kompyuta, Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya kawaida ya usalama Januari 2020. Niliiondoa na kuweka Linux Mint ya Xfce, mfumo endeshi wa bure ulio mwepesi, baada ya kunakili picha na nyaraka zetu zote kwenye diski ya nje. Huduma yenyewe naipendekeza, ila kampuni iwafundishe mafundi wake kuuliza umri wa kompyuta ya mteja kabla ya kumuuzia kasi.