Seramu ya vitamini C: chupa ya kwanza ilinishinda, ya pili imenisaidia sana kwenye madoa

Mi shida yangu ni madoa ya chunusi, yani chunusi yenyewe inapona wiki moja alafu doa lake linakaa miezi shavuni. Ndo nikaingia kwenye seramu za vitamini C. Ya kwanza nilichukua ya asilimia 20 nikajua ikiwa kali ndo itafanya kazi haraka, kichupa chake cha kioo kinachoonyesha ndani, nami nikakiweka bafuni karibu na dirisha. Nikipaka uso unawaka, na baada ya wiki kadhaa ile seramu iliyokua kama maji ikawa rangi ya chai ya rangi, mi naendelea kupaka tu, mpaka foronya ikaanza kushika rangi ya machungwa. Miezi miwili doa halijasogea!

Baadae ndo nikaelewa kwamba vitamini C halisi, yani asidi askobiki, mwanga, hewa na joto vinaiharibu upesi, na ikishakua kahawia haina kazi tena. Iliniuma kweli.

Ya pili nikashuka asilimia 10, chupa nyeusi ya pampu isiyoingiza hewa, ndani kuna vitamini E na asidi feruliki ambazo zinaisaidia isiharibike haraka. Inachoma kidogo sekunde za mwanzo kwa sababu lazima iwe na uchachu, pH (kipimo cha uchachu) chini ya 3.5, ndo ipenye kwenye ngozi, ila uso hauwaki kama mwanzo. Asubuhi naosha uso, naacha ukauke kabisa, pampu moja inatosha uso na shingo, losheni, alafu sanskrini, yani krimu ya kukinga jua. Sanskrini jamani msiiruke, vitamini C inapunguza utengenezaji wa melanini, ile rangi ya ngozi inayofanya doa liwe jeusi, na jua linauchochea, sasa ukitoka bila sanskrini ni kuteka maji kwa pakacha.

Wiki ya 4 niliona uso umechangamka tu, madoa bado. Wiki ya 8 yale mapya yakaanza kufifia, na sahivi mwezi wa tatu mengi natafuta kwenye kioo nisiyaone, ya zamani sana yapo ila hafifu. Vishimo vya chunusi havijabadilika hata kidogo, kwa hiyo kama shida yako ni vishimo usiinunue kwa ajili hiyo. Na rangi yangu ni ile ile niliyozaliwa nayo, hii sio krimu ya kujichubua, wengi wananiuliza hilo.

Ngozi ikiwa nyepesi kuwashwa kuna zenye vitamini C ya aina nyingine, mfano sodiamu askobili fosfeti, ni pole zaidi japo nasikia matokeo yake yanachelewa, inabidi uvumilie.

Kila asubuhi nikiiweka kiganjani naangalia rangi kwanza. Mpaka leo bado kama maji, imebaki kama robo na nshaagiza nyingine.