Uzoefu wangu: SCC na FM-PAC kwenye Sakhr ya zamani

Kama una MSX nyumbani, ile kompyuta ya miaka ya 1980, na pesa za kifaa kimoja tu cha sauti, nunua katriji yenye SCC, chipu ya sauti ya Konami, watengenezaji wa gemu wa Japani. FM-PAC, katriji ya sauti ya Panasonic, ije baadaye. Nimekaa na zote mbili muda wa kutosha, zikichomekwa kwenye kompyuta ya Sakhr AX-370 iliyoko sebuleni kwetu hapa Maskati, na msimamo wangu haujabadilika tangu wiki za mwanzo. Nitaeleza kwa nini, maana watu wengi huanza na FM-PAC kwa kuwa jina lake linatajwa zaidi.

Waliokulia Ghuba miaka ya 1980 hawahitaji kuambiwa Sakhr ni nini. Kwa wasomaji wa Unguja, Mombasa na kwingineko: MSX ni kiwango cha kompyuta za nyumbani kilichotangazwa Japani mwaka 1983 na kampuni ya ASCII pamoja na Microsoft. Sony, Panasonic, Philips, Yamaha, Sanyo na wengineo walitengeneza mashine zinazoelewana, ili gemu ya mmoja ichezwe kwenye mashine ya mwingine. Al Alamiah ya Kuwait, kampuni ya Mohammed Al-Sharekh, ilizitia lugha ya Kiarabu na kuziuza kwa jina la Sakhr, zikiundwa Japani na makampuni kama Yamaha na Sanyo. Kwetu tulisoma BASIC, lugha ya kuandikia programu, kwa Kiarabu na kugombania zamu ya kucheza kwa Kiswahili cha Kiunguja.

Sauti iliyomo ndani ya mashine yenyewe ni chipu ya jamii ya AY-3-8910, maarufu kama PSG. Inatoa sauti tatu za mawimbi ya mraba, pamoja na kelele ya kufanyia risasi, milipuko na ngoma. Watunzi wa Japani walifanya maajabu kwa hizo tatu, sibishi. Ila gemu ikianza kupiga risasi, sauti moja huibwa kutoka kwenye muziki, na wimbo unabaki mguu mmoja hadi mlipuko uishe.

Hapo ndipo uzuri wa muundo wa MSX unapoonekana. Kwenye nafasi ya katriji kuna pini 50, na ya 49 imetengwa kwa ajili ya kuingiza sauti. Katriji yoyote inaweza kupeleka muziki wake kwenye mashine, ukachanganywa na PSG, ukatokea kwenye spika ile ile ya televisheni. Hakuna waya wa ziada wala kufungua kompyuta. Unazima, unachomeka, unawasha. Nasisitiza kuzima: usichomeke wala kuchomoa katriji umeme ukiwa unapita.

SCC ni chipu ya Konami, alama yake 051649, na Konami waliiweka ndani ya katriji za gemu zao. Ukinunua gemu unanunua na ala ya muziki. Ya kwanza kuwa nayo ni Nemesis 2 ya mwaka 1987, zikafuata nyingine kama F1 Spirit, Salamander, King's Valley II, Space Manbow ya 1989 na Metal Gear 2 ya 1990. Utendaji wake ni rahisi kuelewa. Mtunzi anachora umbo la wimbi kwa namba 32, kila moja kati ya -128 na 127, na chipu inalirudia umbo hilo kwa kasi ya noti inayotakiwa. Chaneli ni tano, ingawa ya nne na ya tano zinatumia umbo moja. SCC haina kelele wala ngoma, na haijui kufifisha noti. Programu ya gemu ndiyo inayoshusha sauti ngazi baada ya ngazi ili noti ife vizuri.

Ukisoma maelezo hayo unaweza kudhani ni chipu maskini. Washa Space Manbow uone. Ngoma zinabaki kwa PSG, besi inachukua chaneli moja ya SCC na inakaa chini kabisa, nene, yenye kamba ndani yake. Juu yake sauti mbili zinaimba noti zile zile, moja ikichelewa kidogo na kuwa hafifu zaidi, kwa hiyo unasikia mwangwi ambao chipu yenyewe haina. Milipuko ikija haiibi kitu kwenye wimbo. Jumla ni chaneli nane, tano za SCC na tatu za PSG, na kila moja ina kazi. Ninachokipenda zaidi ni ule ukali wa wimbi la namba 32 tu. Una makunyanzi. Kwenye spika kubwa unasikia mikwaruzo midogo pembeni mwa kila noti, na mikwaruzo hiyo ndiyo inayoifanya sauti ya SCC itambulike kabla hujaambiwa ni gemu gani.

Wengi wetu hatukuwahi kuisikia wakati ule. Gemu zilizozunguka mtaani zilikuwa nakala kwenye diski, na chipu hainakiliki kwenye diski. Kilichobaki ni ile sehemu ya PSG peke yake, yaani ngoma na milio, bila wimbo. Kaka yangu mkubwa alicheza Nemesis 2 ya namna hiyo miaka mingi, akiamini kwamba watengenezaji walikusudia mtu asafiri angani kwa midundo mitupu. Nilipomwekea yenye SCC alikaa kimya hadi hatua ya kwanza ikaisha, kisha akaniomba nianze upya, nisipige risasi, nisikilize tu.

Kuna jambo moja la kufanya kabla hujatoa hukumu yoyote, na sijui kwa nini halisemwi mara nyingi. Mashine za Ghuba, kama za Ulaya, huwaka kwa picha ya hezi 50, wakati gemu za Japani zilitungwa kwa hezi 60. Muziki wa gemu hizi hufuata ishara ya chipu ya picha: kila picha inapokamilika, programu inasogeza wimbo hatua moja. Kwa hezi 50 unapata hatua 50 kwa sekunde badala ya 60, na wimbo unatambaa. Noti hazishuki, kwa sababu chipu za sauti zinapata mapigo yake ya saa ya megahezi 3.58 kama kawaida. Mwendo tu ndio unaolala, takribani moja ya sita. Kwenye MSX2, yaani kizazi cha pili cha MSX, dawa yake ni amri fupi ya BASIC:

VDP(10)=0

Ukitaka kurudi hezi 50 unaweka 2 badala ya 0. Tatizo ni kwamba katriji halisi za gemu hujiwasha kabla ya BASIC kutokea, hupati pa kuandikia. Baadhi ya katriji za kisasa za flash, ambazo unazipakia gemu mwenyewe, zina chaguo la hezi 60 kwenye menyu yake, na kwangu mimi hiyo pekee inatosha kuwa sababu ya kununua moja. Televisheni nyingi za zamani zilizouzwa Ghuba zilikuwa za mifumo mingi, kwa hiyo picha haikuwahi kunisumbua. Jaribu F1 Spirit kwa hezi 50, kisha 60. Hutarudi nyuma.

Mimi natumia MegaFlashROM SCC+ SD, iliyobuniwa Hispania. Ina nafasi za kadi ya microSD na SCC+ ndani yake. SCC+ ni ile iliyoboreshwa ambayo Konami waliitoa na gemu ya Snatcher mwaka 1988, ambapo chaneli zote tano zina umbo lake zenyewe. Nimeilinganisha na katriji halisi ya Salamander, nikibadilisha huku na huku kwenye amplifaya moja, na sisikii tofauti ya kunifanya nitafute katriji halisi kwa bei za siku hizi.

Sasa FM-PAC. Ni katriji ya Panasonic yenye chipu ya Yamaha YM2413, ile ile iliyowekwa kwenye Sega Master System ya Japani. Inatoa sauti tisa za FM, yaani wimbi moja likilibadilisha jingine, au sita pamoja na ngoma tano: ngoma kubwa, sneya, tomu, tasa na hai-hati. Ina ala 15 zilizopikwa kiwandani, kuanzia fidla, gitaa na piano hadi vibrafoni, na nafasi moja tu ya ala unayoiunda mwenyewe. Ndani kuna pia kumbukumbu ya kilobaiti 8 yenye betri ya kuhifadhia mchezo ulipofikia. Niliyonunua ilifika na betri iliyokufa, ingawa muuzaji aliahidi kwamba kila kitu kinafanya kazi. Fundi mmoja wa Ruwi akaiweka nyingine kwa lehemu palepale. Ukinunua yoyote ya zamani, hesabu gharama ya betri mapema.

Ukiiwekea gemu ya Aleste 2 ya kampuni ya Compile, ya mwaka 1989, utaelewa waliomsifu YM2413 walisikia nini. Besi inagonga kifua, ngoma ni safi, shaba zinang'aa. Kwa muziki wa mapigano na kasi, FM ina nguvu ambayo SCC haina. Lakini ile nafasi moja ya ala yako mwenyewe inawabana watunzi wote kwenye kabati moja. Baada ya gemu kadhaa unaanza kuitambua piano ile ile na tarumbeta ile ile, bila kujali nani katunga. Na fidla, jamani, fidla ya YM2413 si fidla. Mtu aliyelelewa na taarab ndani ya nyumba hawezi kudanganywa. Kwa SCC, kila timu ya Konami ilichora mawimbi yake, na Metal Gear 2 haifanani na Parodius hata kidogo.

FM-PAC inaishinda SCC kwenye jambo moja: inakuja na BASIC ya muziki. Unaandika CALL MUSIC, kisha PLAY#2, na unatunga papo hapo. Kuna hata amri ya CALL TEMPER ya kubadilisha mpangilio wa noti, ikiwa na mipangilio ya kale ya Ulaya. Makamu ya Rast, mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu, haimo. Hilo lilinikera kwa siku kadhaa, kwa sababu nilitaka kupiga wimbo wa harusi anaoupenda mama, na bila ile noti ya tatu inayokaa katikati, wimbo unakuwa wa watu wengine. Chipu yenyewe, hata hivyo, inaweza. Noti zake hupangwa kwa namba: mi bemoli (mi iliyoshushwa) ni 204, mi kamili ni 216. Ukiandika 210 moja kwa moja kwa amri ya OUT kwenye milango &H7C na &H7D, unapata mi ya Rast. Noti ya saba, iitwayo si, iko kati ya 305 na 323, nikaipa 314. Mama alisikia mstari wa kwanza akauliza nani anapiga ganuni, ingawa nilikuwa nimetumia ala ya kinanda cha hapsikodi.

Ukiwa na zote mbili, tafuta MGSDRV, programu ya Kijapani ya kupigia muziki inayotumia PSG, SCC na FM kwa pamoja, jumla ya chaneli 17. Wapenzi wametungia programu hii nyimbo nyingi, nyingine zikiwa mpya na nyingine mipangilio ya muziki wa gemu. Usitarajie stirio, vyote vinakutana kwenye pini ile moja. Uwiano wa sauti pia hutofautiana kati ya mashine na mashine. Kwenye Sakhr yangu FM inafunika PSG kidogo, na hakuna kitufe cha kurekebisha.

Kwa upande wa matunzo, joto la hapa ni adui wa kapasita za zamani. Mashine yangu ilikuwa na mvumo kwenye sauti hadi kapasita za sehemu ya umeme zilipobadilishwa, na tangu hapo ni safi. Meno ya katriji nayasafisha kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Katriji za Japani hazihitaji transfoma kwa kuwa zinakula umeme wa kompyuta, ila ukinunua kompyuta yenyewe kutoka Japani kumbuka ni ya volti 100.

Angalia pia mashine yako ni ya kizazi gani. Gemu nyingi zenye muziki wa FM-PAC zinadai MSX2, wakati Nemesis 2, Salamander, F1 Spirit, Parodius na King's Valley II zinacheza hata kwenye MSX ya kwanza kabisa. Mwenye Sakhr ya kizazi cha kwanza akinunua FM-PAC atabaki zaidi na BASIC, ambayo ni raha yake peke yake kama anapenda kutunga. Asiye na mashine kabisa apakue openMSX, programu ya kuigiza MSX kwenye kompyuta ya kisasa, ni ya bure na inaigiza SCC na FM-PAC zote mbili vizuri. Aweke hezi 60, avae hedifoni nzuri, aanze na Space Manbow.