Uzoefu wangu na meseji za shule ya bweni: mtoto yuko Lushoto, mi niko Tanga

Binti yangu yuko kidato cha pili, anasoma bweni kule Lushoto, mi naishi Makorora hapa Tanga mjini. Januari mwaka jana nilimpeleka mwenyewe, tukapanda basi Kange, Muheza, Segera, Korogwe mpaka Mombo ndo tukaanza zile kona za kupanda mlimani, nikamwacha na tranka lake na godoro nikarudi nalia njia nzima. Simu haruhusiwi kuwa nayo, hilo nalikubali kabisa, ila sasa utajuaje mtoto kaamkaje?

Shule ina huduma ya meseji kwa wazazi, sh 10,000 kwa mwaka, unalipa pamoja na ada. Huu mwaka wa pili natumia. Matokeo yanakuja kweli, mitihani ikishasahihishwa tu meseji inaingia, kila somo na maksi zake, wastani, kawa wa ngapi. Tena meseji ya kawaida, haitaki bando, kwa hiyo hata bibi yake aliyeko Pangani na kiswaswadu chake anaipata, niliomba namba yake iongezwe wakaiongeza bure, na siku Hesabu ilipotoka 28 ikafika 61 bibi ndo alonipigia mimi alfajiri anashangilia na mi hata simu sijashika. Hapo nawapa tano.

Shida ni afya. Mwezi wa saba mwaka jana, na baridi ya Lushoto mwezi huo mtoto wa Tanga haijui, alibanwa kifua akalazwa siku 2, mi nimekuja kujua siku ya 4, tena kwa mzazi mwenzangu ambaye mwanae analala deka moja na wangu. Na asubuhi ya siku hiyohiyo nilipokea meseji ya kukumbushwa salio la ada!! Iliniuma sana jamani. Nikapanda gari nikaenda, wakaniambia wanaotuma meseji ni mhasibu na mwalimu wa taaluma tu, matroni hayumo kwenye mfumo. Yaani yule anayejua mtoto hajala, mtoto anakohoa, ndo hana pa kuandikia.

Grupu la WhatsApp la wazazi lipo, ila matangazo ya shule yanazama kwenye dua na biashara za watu.

Kwa hiyo kama unataka kujiunga na huduma kama hii, kabla hujalipa uliza matroni anatuma meseji au la. Mi sasa Jumapili saa kumi jioni nampigia matroni, mwanangu anapewa dakika 3, namsikia sauti. Juzi kaniambia sweta limembana mikono, nimeshamnunulia jingine Mgandini, kesho nampa kondakta.