Kliniki ya kisukari ya wilayani kwetu: miguu inakaguliwa vizuri, foleni ya asubuhi ina hatari

Kliniki ya kisukari ninakompeleka mama yangu, katika hospitali moja ya wilaya mkoani Tanga, inastahili sifa kwanza kwa jinsi wauguzi wake wanavyokagua miguu. Mgonjwa huvua viatu na soksi, muuguzi akatazama kisigino, kucha na katikati ya vidole, akapapasa mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo, kisha akamwomba afumbe macho na kumgusa unyayoni kwa uzi wa nailoni unaopinda ukibanwa kwa nguvu ya gramu 10. Asiyeuhisi uzi huo anaweza kutembea na kokoto kiatuni kutwa nzima bila kujua, na kidonda kinachoanza hivyo, kikichelewa kuonekana, huweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Mama alipokutwa na ganzi chini ya kidole gumba, muuguzi hakuishia kuandika kwenye kadi: aliingiza mkono ndani ya viatu vyake kutafuta mshono uliojitokeza, akamkataza kutembea peku hata chumbani na kukanda miguu kwa maji ya moto.

Kuhusu sindano hawamuulizi mgonjwa kama anatumia dawa vizuri, maana kila mtu hujibu ndiyo. Humtaka aonyeshe anavyovuta insulini, dawa ya kushusha sukari ya damu, na anavyoivingirisha viganjani ile yenye ukungu bila kuitikisa kwa nguvu, kisha humpapasa tumbo kutafuta uvimbe unaotokana na kuchoma mahali pale pale kila siku, kwa kuwa insulini inayoingia kwenye uvimbe hufyonzwa bila mpangilio na sukari huyumba. Wasio na jokofu huelekezwa kuhifadhi chupa kwa ubaridi wa chungu cha udongo chenye maji, ushauri unaofaa sana kwa joto la pwani.

Kasoro kubwa ni foleni. Wagonjwa huja bila kula ili wapimwe, na wapo ambao wamekwisha kuchoma insulini nyumbani, lakini hakuna anayewauliza wanapofika. Nilimwona mzee mmoja akitetemeka na kulowa jasho kwenye benchi huku jirani zake wakidhani ni uchovu, na alipopimwa sukari yake ilikuwa chini ya milimoli 4 kwa lita, yaani imeshuka mno. Muuguzi alimhudumia ipasavyo, akampa takriban gramu 15 za sukari zilizokorogwa katika maji, akampima tena baada ya dakika 15, na hakumruhusu kuondoka mpaka alipokula. Hata hivyo, swali moja tu mapokezini lingemtanguliza mzee huyo kabla hajafikia hali ile, na naomba uongozi uliangalie jambo hili kwa haraka.

Anayekwenda kwa mara ya kwanza avae viatu vyake vya kila siku, abebe insulini yake, daftari la vipimo na kitafunwa, na kama amekwisha kuchoma sindano amwambie muuguzi mara tu anapofika.