Nimetumia FLAC kubana rekodi za ECG: uzoefu wangu

Mimi ni fundi wa vifaa tiba katika hospitali ya wilaya. Mgonjwa akirudisha kifaa cha Holter, kile kinachovaliwa kurekodi ECG (umeme wa moyo) mfululizo, mimi ndiye ninayetoa rekodi na kuituma kwa daktari bingwa wa moyo aliyeko mjini. Kifaa chetu kina chaneli 3, sampuli 250 kwa sekunde, kila sampuli baiti 2. Saa 24 zinatoa karibu megabaiti 130. Kwa mtandao wetu unaokatika kila jioni, faili moja la namna hiyo linaweza kunikesha, na bando likaisha kabla halijafika.

Nilianza na zipu. Haikunisaidia sana, na sababu yake nimeielewa baadaye. Zipu hutafuta mfuatano wa baiti unaojirudia. Mapigo ya moyo kwa macho yanajirudia, lakini ukishuka kwenye namba hakuna mawili yanayofanana: misuli inatetemeka, pumzi inapandisha na kushusha mstari, umeme wa ukutani nao unaingia. Mtu anayetaka kuona hili mwenyewe apakue rekodi za ECG za MIT-BIH kutoka PhysioNet, tovuti ya data za kitabibu, zile 48 za nusu saa zilizochukuliwa Boston kati ya 1975 na 1979. Zote pamoja zinazidi kidogo megabaiti 100, na zipu yake ni megabaiti sabini na kitu.

Nikahamia kwenye programu moja, sitaitaja, iliyoahidi kupunguza faili zaidi ya mara kumi. Kweli ilipunguza. Nikatuma kwa raha karibu wiki mbili, hadi daktari aliponipigia simu: "Fundi, P za huyu mama zimekwenda wapi?"

Nikafungua rekodi ya awali, nikaiweka juu ya ile iliyobanwa. QRS, yale mawimbi makubwa ya kila pigo, zilikaa pale pale, ndefu na kali. Lakini kabla ya kila QRS, mahali pa kile kilima kidogo cha wimbi P, palikuwa na mstari ulionyooka kama uliopigwa rula. Programu imekiona kilima kuwa ni kelele, ikakifuta. Na kukosekana kwa P ni mojawapo ya dalili anazotafuta daktari anaposhuku kwamba vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga. Kidogo tu mama wa watu angeanzishiwa dawa za ugonjwa asiokuwa nao. Tulisalimika kwa sababu kadi ya kifaa ilikuwa haijafutwa.

Kilichoniuma zaidi ni tangazo la programu ile. Liliandika PRD chini ya asilimia 1, yaani tofauti kati ya wimbi la awali na lililobanwa ni ndogo mno. Sasa tazameni hesabu yake. Kwenye MIT-BIH sifuri ya wimbi imewekwa kwenye 1024, kwa hiyo namba zote zinaelea huko juu. Chukua wimbi linalocheza kwa wastani wa vizio 40 kuzunguka 1000, na kosa la vizio 4. Ukiondoa kwanza kimo cha mstari, unagawa 4 kwa 40: asilimia 10. Usipokiondoa, unagawa kwa 1000 na kitu: asilimia 0.4. Wimbi ni lile lile, kosa ni lile lile. Ukiona PRD nzuri mno, uliza kwanza imegawanywa kwa nini.

Ndipo nikafika kwenye FLAC. Ni namna ya kubana sauti iliyotengenezwa na Josh Coalson kwa ajili ya muziki, ikatoka 2001, na haipotezi hata sampuli moja. Inavyofanya kazi inaingia akilini haraka ukiangalia rekodi namba 100 ya MIT-BIH. Chaneli ya kwanza inaanza na 995 mara nane mfululizo, kisha 1000, 997, 995, 994, 992, 993, 992. Ukiandika tofauti tu, unapata sifuri saba, halafu 5, -3, -2, -1, -2, 1, -1. Namba ndogo zinahitaji biti chache. FLAC haiishii kwenye tofauti. Inabashiri sampuli ijayo kwa kutazama zilizotangulia, kisha inahifadhi kosa la ubashiri kwa msimbo wa Rice, unaoandika namba ndogo kwa biti chache. Programu za WFDB za PhysioNet, za kusoma rekodi kama hizi, nazo zinaisoma tangu toleo la 10.7.

Faili zangu za saa 24 sasa zinashuka chini ya nusu, na zikifunguliwa ni zile zile, biti kwa biti. Sio mara kumi. Naikubali tofauti hiyo bila kinyongo.

Ina usumbufu wake. Data ghafi lazima uielezee kila kitu: chaneli ngapi, biti 16, sampuli 250, na kwamba namba zina hasi. Siku ya kwanza nilisahau hilo la hasi, -1 ikasomwa kama 65535, faili likagoma kupungua. Tena FLAC haina mahali maalumu pa kuandika milivolti moja ni vizio vingapi. Hiyo naiweka kwenye faili dogo la maandishi linalosafiri pamoja nayo, bila jina la mgonjwa. Kwa anayerusha ECG moja kwa moja, fremu (fungu la sampuli zinazobanwa pamoja) ya kawaida ya sampuli 4096 ni sekunde 16 za kusubiri kwa kasi yetu. Ishushe hadi 256, inakuwa sekunde moja tu, ingawa faili linanenepa kidogo.

Chaneli zake mwisho ni 8, na wenzangu wengi wanaikataa kwa sababu ECG kamili ina lidi 12, yaani mitazamo 12 ya umeme wa moyo. Lakini lidi zinazojitegemea ni nane tu: I, II na V1 hadi V6. III ni II kutoa I, na zile tatu za aVR, aVL na aVF zinapatikana kwa hesabu ya I na II. Tuma nane, upande wa pili wakokotoe nne.

Ninachokipenda kuliko vyote ni amri ya "flac -t", inayokagua kama faili ni zima. Kila fremu ina CRC yake, na mwanzo wa faili umebeba MD5 ya data ya awali; zote mbili ni namba za ukaguzi zinazokokotolewa kutoka kwenye data. Siku hizi daktari akipokea faili anaikimbiza amri hiyo, ananiandikia "iko sawa", na hapo ndipo ninapofuta kadi.