Nimemaliza kile kitabu cha Gifford cha kanisa na siasa, nyota nne

Nimemaliza Christianity, Politics and Public Life in Kenya ya Paul Gifford, aliyekuwa profesa wa SOAS, chuo kikuu kule London. Kilitoka 2009 lakini mimi nimekipata juzi tu kwa jamaa wa vitabu vya mtumba hapa tao Nakuru, mia sita, jalada limepinda na mwenye alikuwa nacho kwanza amepiga mistari ya biro nyekundu karibu kila mahali Moi anatajwa.

Hoja yake ni hivi, makanisa makubwa yalimkabili Rais Moi uso kwa uso, halafu Kibaki alipoingia 2002 wakaona ni serikali yao na midomo ikafungwa. Hii mimi nimekubali kabisa. Huku kwetu askofu Ndingi mwana a'Nzeki alikuwa Nakuru kutoka 1971 hadi 1996, na zile fujo za kikabila za Molo na Olenguruone zilipolipuka miaka ya tisini hakunyamaza, wazee wa hapa bado wanamtaja kwa heshima. Sasa linganisha na 2007: Mutava Musyimi ambaye alikuwa katibu mkuu wa NCCK, lile baraza la kitaifa la makanisa, anaingia bunge kama mbunge wa Gachoka, mhubiri Pius Muiru anawania urais, na kwa makanisa mengi kila mtu alijua madhabahu iko upande gani. Ripoti ya Waki, ile tume iliyochunguza fujo za baada ya uchaguzi huo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na pale Kiambaa karibu na Eldoret watu walichomwa ndani ya kanisa lenyewe walipokuwa wamekimbilia. Februari 2008 NCCK walitoka wakaungama kwamba viongozi wa kanisa waliegemea pande.

Mimi nilikuwa darasa la sita, tunakaa mtaa wa Kaptembwa hapa Nakuru. Kabla ya kura mgombea mmoja alisimama mbele ya kanisa letu na bahasha ya kaki, pasta akamwekea mkono kichwani akamuombea na sisi watoto tukapiga makofi. Januari viti vya upande wa kushoto vilikuwa vitupu maana wale jirani zetu walikuwa wamefukuzwa na fujo, wako Showground kwa mahema, na hakuna siku hata moja jina lao lilitajwa kwa maombi. Mama ndiye alienda, alibeba sufuria ya maharagwe na blanketi mbili, akarudi bila sufuria na hakusema kitu mpaka kesho yake. Niliposoma Gifford akieleza venye kanisa linakula meza moja na wakubwa hadi linakosa sauti ya kuwakemea, niliona ile bahasha.

Kosa ni kwamba Nairobi imemeza kurasa nyingi sana, wahubiri wa mikutano mikubwa na mahubiri ya baraka na pesa, sawa hayo ni ya maana kwa sababu ukimfundisha mtu kwamba umaskini wake ni imani ndogo hatawahi kumuuliza mbunge kitu. Lakini nilitamani akae zaidi na parokia za huku Rift Valley, na wamama kama mama yangu, maana kanisa si maaskofu pekee. Kingereza chake pia si rahisi, enda nacho polepole.

Kama unaongoza vijana kanisani au unafundisha CRE, somo la dini ya Kikristo, tafuta hiki kitabu kabla kampeni zianze. Changu kiko kwa baba saa hii, kila jioni ananiita nimsomee pale kuna nyekundu.